Nyota imesogea mno: kutafuta kosa kwenye hesabu za paralaksi

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita aliniletea daftari, kifutio kiko mkononi tayari. Alikuwa ametafuta umbali wa Proxima Centauri, nyota iliyo jirani kuliko zote ukiliacha Jua, akapata 1.3. Namba yenyewe haina ubaya, maana kwa parseki, kipimo cha umbali wa nyota, ndiyo hiyo. Ila pembeni ameandika "vizio astronomia", yaani mara 1.3 ya umbali wa kutoka kwetu hadi kwenye Jua. Kwa hesabu hiyo nyota imeshaipita Dunia na bado haijafika Mirihi. "Nifute nianze upya?" Nikamwambia aweke kifutio chini.

Jibu baya la paralaksi, yaani la umbali unaotafutwa kwa jinsi nyota inavyoonekana kuhama Dunia ikizunguka Jua, mara nyingi ni jibu zuri lililozidishwa au kugawanywa kwa namba inayojulikana. Kwa hiyo kabla ya kufuta, chukua jibu lako na lile la kwenye orodha ya nyota, gawanya kubwa kwa dogo, uone uwiano. Ukipata 2, au 3.26, au arobaini na kitu, au 57, au 60, au 1,000, au 3,600, au 206,265, kila moja ina mwenyewe na utampata hapa chini. Ukipata uwiano usiofanana na yoyote kati ya hizo, hesabu yako huenda ni nzima na ugonjwa uko kwenye vipimo.

Tukumbushane kwanza hesabu yenyewe. Tao lenye urefu s, lililo umbali r kutoka kitovu cha duara, linatengeneza pembe θ pale kitovuni, na s = rθ mradi θ iwe kwa radiani. Basi r = s/θ. Wengi wanakosea kujiweka wao kitovuni. Kitovu ni nyota. Tao liko huku kwetu, ni ile kilomita 149,597,871 kati ya Dunia na Jua. Pembe ni paralaksi, nayo ni nusu ya jinsi nyota inavyoonekana kuhama Dunia ikienda upande wa pili wa Jua. Radiani moja ni digrii 57.3, au sekunde za tao 206,265. Ndiyo maana nyota yenye paralaksi ya sekunde 1 iko vizio astronomia 206,265 kutoka hapa, na umbali huo ndio parseki moja, sawa na miaka ya nuru 3.26.

Uwiano ni 57: pembe imebaki kwenye digrii

Hili nalionyesha uwanjani kwa sababu angani halina uchungu. Tunachagua mnara wa simu wenye kilima mbali nyuma yake. Tunapima mita 10 kwa futikamba, mmoja anasimama mwanzo na mwingine mwisho, na tunatafuta mnara umehama kiasi gani mbele ya kilima. Tuseme ni digrii 1.43. Kijana anagawanya 10 kwa 1.43, anapata mita 7. Namwambia ageuke autazame mnara. Mnara wa mita 7 tungekuwa tumeuegemea. Gawanya 1.43 kwa 57.3, upate radiani 0.025, kisha 10 kwa 0.025: mita 400.

Wanaotumia tanjenti wana balaa lao, nalo liko kwenye kikokotoo (cha mkononi, si kile cha mafao ya wastaafu). Angalia herufi ndogo juu ya kioo. Ikiwa R (radiani) na wewe umeingiza digrii, tanjenti ya 1.43 inatoka 7 na kitu, na mnara unakuwa mita 1.4. Hilo utalishtukia mwenyewe. Herufi inayoua kimyakimya ni G, kipimo ambacho duara zima lina sehemu 400 badala ya 360. Ukiwa huko unapata mita 445, na hakuna atakayekushuku.

Uwiano ni 206,265, au 3,600, au 60

Ndilo kosa la kijana wetu. Amechukua paralaksi ya Proxima, sekunde 0.7685, akagawanya kizio 1 kwa 0.7685 kana kwamba sekunde za tao ni radiani. Kifutio hakikuhitajika. Alizidisha 1.3 kwa 206,265, akapata vizio 268,000 na ushei, ambavyo ni miaka ya nuru 4.24. Au angebadilisha neno moja tu, "vizio" kuwa "parseki", akaishia hapo.

3,600 na 60 zinatokana na kuchanganya digrii, dakika na sekunde. Mwanafunzi aliyeanza sekunde za tao majuzi anadhani ni za saa. Dakika ya tao ni digrii kugawa kwa 60, sekunde ni dakika kugawa kwa 60, hazina uhusiano na mshale wa ukutani.

Uwiano ni 2

Hapa nataka utulie, maana kosa hili linatoa majibu yanayoaminika. Ukipiga picha mbili kwa tofauti ya miezi sita, unachopima ni uhamaji mzima, na kwa Proxima ni sekunde 1.537. Msingi wa uhamaji huo ni vizio 2, kipenyo cha njia ya Dunia. Unaweza kutumia pembe nzima kwa vizio 2, au nusu ya pembe kwa kizio 1, na vyote viwili ni halali. Ukioanisha nusu ya huku na nzima ya kule umeharibu: pembe nzima kwa kizio 1 inaisogeza Proxima hadi parseki 0.65, nusu ya pembe kwa vizio 2 inaipeleka parseki 2.6, sawa na miaka ya nuru 8.5. Sirius iko 8.6. Ukimwonyesha mtu jibu hilo atakubali, atakupa na alama.

Dawa yangu ni ya kishamba lakini inafanya kazi: chora. Jua katikati, Dunia kushoto, Dunia kulia, nyota juu. Paka rangi pembe uliyoipima, kisha paka rangi ileile kwenye mstari wa chini unaoikabili. Rangi zisipokutana, umechanganya.

Uwiano ni 1,000 au 3.26

Hizi za haraka. Orodha za Hipparcos na Gaia, vyombo vya anga vya Ulaya vilivyopima mahali pa nyota, zinaandika paralaksi kwa milisekunde za tao. Gaia inaipa Proxima 768 na kitu. Ukifanya 1/768 unapata parseki 0.0013, karibu vizio 268. Weka 1,000 juu badala ya 1. Na 3.26 ni mtu aliyelinganisha parseki zake na miaka ya nuru ya mwenzake.

Uwiano wa arobaini na kitu

Huu utaukuta tu kama umetumia picha za New Horizons, chombo cha anga cha Marekani kilichokwenda Pluto. Tarehe 22 na 23 Aprili 2020 chombo hicho, kikiwa kama kilomita bilioni 7 kutoka hapa, kilipiga picha za Proxima na nyota nyingine, Wolf 359, wakati darubini za Duniani zinapiga zilezile. Nyota zimehama waziwazi, unaziona bila kupima. Lakini msingi hapa si kizio 1, ni zaidi ya vizio 46. Tena hata ukiweka 46 hutapata jibu penyewe, kwa kuwa mstari wa kutoka kwetu hadi kwenye chombo haukukata mstari wa nyota kwa pembe mraba. Sehemu iliyo mraba tu ndiyo inayohesabika. Uwanjani ni vivyo hivyo: ukisimama kwa mshazari wa digrii 30, mita zako 10 zinafanya kazi ya mita 8.66, na mnara wa mita 400 unausoma 462.

"Nimetumia tanjenti, mwenzangu tao, majibu yamelingana. Nani kakosea?"

Hakuna. Tao na mstari ulionyooka vinaachana pembe ikikua. Kwenye digrii 10 tofauti ni asilimia 1. Kwenye paralaksi ya Proxima tofauti inaanzia tarakimu ya kumi na mbili. Ogopa yule anayetumia kanuni ya kosaini: kosaini ya pembe ndogo hivyo, kikokotoo kinaweza kuizungusha kuwa 1 kamili, halafu unajikuta unagawanya kwa sifuri na kupata alama ya kosa.

Uwiano haufanani na chochote: vipimo

Turudi kwa mnara. Ukipata mita 500 badala ya 400, wala si 7 wala 800, tazama nyuma ya mnara. Tulijifanya kilima hakihami. Kama kilima kiko kilomita 2 tu, nacho kinahama: mnara umehama radiani 0.025, kilima 0.005, na wewe umeona tofauti yao, 0.020. Gawanya 10 kwa hiyo, ndiyo 500 yako. Kosa hili daima linasukuma kitu mbali, halikivuti karibu, kwa hiyo uelekeo wake ni ushahidi. Ukijua umbali wa kilima, jumlisha 1/500 na 1/2,000, utapata 1/400.

Angani kilima ni nyota hafifu za nyuma. Anayepima kwa picha zake anapata paralaksi ya kulinganisha na nyota hizo, na zenyewe zina paralaksi ndogo. Gaia, hadi ilipozimwa mwaka 2025, ilitazama anga zima, pande mbili kwa wakati mmoja, na ilijipima kwa kwasari, vile viini ving'avu vya galaksi za mbali, ambavyo viko mbali kiasi kwamba paralaksi yao ni sifuri kwa matumizi yote. Hata hivyo toleo lake la tatu linazipa kwasari wastani wa milisekunde -0.017, yaani sifuri ya chombo imeteleza kidogo. Kwa nyota jirani usihangaike nayo. Kwa nyota yenye paralaksi ya milisekunde 0.2 ni karibu sehemu moja ya kumi na mbili.

Mshtakiwa mwingine wa uwanjani ni protrakta. Ukikosea digrii 1 kwenye digrii 1.43, mnara unaweza kusoma mita 236 au mita 1,332. Tazama jinsi makosa mawili yanayolingana yanavyozaa umbali usiolingana, tutalihitaji tena. Tupa protrakta, tumia kamera ya simu. Mwenzio ashike rula ya mita umbali wa mita 10, wima kabisa na asicheke, maana rula inatikisika. Rula hiyo ni radiani 0.1. Ikichukua pikseli 350 pichani, kila pikseli ni radiani 0.000286. Mnara ukihama pikseli 88 mbele ya kilima, umepata 0.0251, mita 398. Usiguse zumu kati ya picha na picha, na weka mnara katikati, kwa sababu pembeni lenzi inavuta vitu.

Mwaka umeisha na nyota haijarudi ilipokuwa

Paralaksi huenda na kurudi. Kisichorudi ni mwendo wa nyota yenyewe angani. Nyota ya Barnard inahama sekunde 10 na zaidi kila mwaka huku paralaksi yake ni 0.547 tu, kwa hiyo kwa picha mbili za miezi sita utapima mwendo ukidhani ni paralaksi, na nyota itakuja karibu mno. Unahitaji angalau picha ya tatu, mwaka mzima baada ya ya kwanza: tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu ni mwendo mtupu, itoe nusu yake kwenye picha ya katikati.

Mwendo huo una faida yake. Mwanaastronomia Friedrich Bessel aliichagua nyota ya 61 Cygni kwa sababu ilikuwa inakimbia, sekunde 5 kwa mwaka, akakisia iko jirani. Mwaka 1838 akatangaza paralaksi ya 0.314. Leo tunasema 0.286, miaka ya nuru 11.4. Uwiano wake na wetu ni 1.1: hilo ni kosa la mikono na kioo, halina namba ya kichawi. Thomas Henderson alikuwa amepima Alpha Centauri mapema zaidi, huko Cape ya Afrika Kusini mwaka 1832 na 1833, akapata zaidi kidogo ya sekunde 1 badala ya 0.75, lakini akasita kutangaza hadi 1839. Nyota yake tunaiona vizuri huku kwetu. Bessel akala sifa.

Nyota zote zimehama pamoja, sekunde 20

Mwanaastronomia James Bradley alianza kuitazama nyota ya Gamma Draconis mwaka 1725 akitafuta paralaksi, akapata uhamaji wa sekunde 20 hivi kila upande. Ni mara 27 ya paralaksi ya Proxima. Dalili mbili zinakuambia si paralaksi: nyota za mbali na za karibu zinahama sawa, na kilele kimechelewa au kimewahi kwa miezi mitatu. Paralaksi inaisukuma nyota upande wa Jua, ila hii inaisukuma upande ambao Dunia inaelekea.

Umepanda bodaboda mvua inanyesha wima, na bado inakupiga usoni. Ni hilohilo. Dunia inakwenda kilomita 30 kwa sekunde na nuru inaonekana ikija kutoka mbele kidogo. Bradley alilieleza hilo mwaka 1728. Ukipima nyota kwa kuilinganisha na jirani zake kwenye picha moja hutaliona, maana wote wamelowa sawa. Utakutana nalo ukipima mahali pa nyota kwa namba za anga zima bila kusahihisha.

Miezi sita imepita, uhamaji ni sifuri

Umechagua miezi vibaya. Chukua Kilimia, kile kishada cha nyota. Kiko karibu sana na njia ya Jua angani, kwa hiyo kinahama kwenye mstari badala ya duara. Katikati ya Novemba hivi kinakuwa mkabala na Jua, juu usiku kucha, na kila mtu anakipigia picha wakati huo. Lakini hapo Dunia, Jua na Kilimia viko kwenye mstari mmoja na paralaksi haina upande. Miezi sita baadaye, Mei, Jua limekifunika, ndiko kuzama kwenyewe kunakosemwa: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakati wa kupima ni Februari jioni na Agosti alfajiri, saa ambazo wapiga picha wanazichukia. Kwa vifaa vya nyumbani hutaipima paralaksi ya Kilimia, ila kanuni ya miezi ni moja kwa nyota zote: Jua liwe digrii 90 kutoka kwenye nyota.

Paralaksi ni hasi

Umefungua orodha ya Gaia, ukakuta -0.3. Faili halijaharibika, na tafadhali usiondoe alama ya kutoa ukaendelea. Nyota iko mbali kiasi kwamba kosa la kipimo ni kubwa kuliko paralaksi yenyewe, na kosa linaweza kuangukia upande wowote wa sifuri. Umbali wa 1 kugawa kwa paralaksi hapo hauna maana.

Hata chanya ina mtego wake. Paralaksi ya milisekunde 2 ikiwa na kosa la 1 inakupa parseki 500, lakini ukingo mmoja ni 333 na mwingine ni 1,000. Protrakta ileile. Kanuni ya mkono ninayotumia: kosa likizidi moja ya tano ya paralaksi, sigeuzi kwa mkono. Coryn Bailer-Jones na wenzake walitoa mwaka 2021 makadirio ya umbali kwa nyota bilioni 1.47 za Gaia, yanayozingatia jinsi nyota zilivyotawanyika kwenye galaksi yetu. Chukua umbali wa humo. Tazama pia safu inayoitwa RUWE. Ikipita 1.4, mara nyingi nyota ina mwenza anayeivuta huku na huku, na paralaksi yake imechafuka.

Vyanzo viwili vizuri vinapingana

Ukisoma umbali wa Kilimia utakutana na parseki 118 na parseki 136. Hujakosea kunakili. Hipparcos, iliyopima kuanzia 1989 hadi 1993, ilitoa karibu 118 mwaka 1997, na ubishi ukadumu miaka, maana njia nyingine zilikuwa zikisema 133 na kwenda juu. Vipimo vya darubini za redio mwaka 2014 vilisema 136, na Gaia ikaafiki. Kwa paralaksi, ugomvi wote huo ni milisekunde 1 tu. Tumia 136.

Lakini usiitupe Hipparcos. Gaia ilizidiwa na nyota zinazong'aa kupita kiasi, na ukiitafuta Suheli (Canopus) kwenye orodha yake hutapata paralaksi yake. Ya Hipparcos ni milisekunde 10.5 hivi: parseki 95, miaka ya nuru 310. Andika pembeni mwa jibu kwamba namba imetoka Hipparcos, ili mwenzako akikagua asiende kuisaka Gaia.